Mchoro na kinyago nilivyonunua Bagamoyo kama akiba: uzoefu wangu

Miaka miwili iliyopita niliingia katika duka moja la sanaa Mji Mkongwe wa Bagamoyo nikiwa na sehemu ya kiinua mgongo changu, na wazo nililopewa na muuzaji mwenyewe kwamba kazi ya sanaa ni akiba isiyooza. Nilitoka na vitu viwili: mchoro wa Tingatinga wa chui na ndege, kwa shilingi 380,000, na kinyago cha ujamaa, watu wamepandana mabegani, kwa shilingi 250,000.

Mchoro ninaupenda mpaka leo. Umechorwa juu ya hadibodi ya mraba, futi mbili kwa futi mbili, kwa rangi ya kung'aa, kama alivyokuwa akifanya Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1968. Ukiutazama kwa ubavu unaona michirizi ya brashi mgongoni mwa chui, na madoa yaliyowekwa moja moja, mengine yakigusana pale mkono ulipochoka. Muuzaji, hata hivyo, alinionyesha neno "Tingatinga" lililoandikwa pembeni na kusema kwamba saini hiyo ndiyo itakayopandisha bei. Ningepaswa kumuuliza saini ya nani, maana mzee huyo alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa takriban miaka minne tu, na jina lake leo limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji. Isitoshe, siku niliyoununua, mchoro ulikuwa bado unanuka rangi.

Kinyago ndicho kilichoniuma. Niliambiwa ni mpingo mtupu. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kiini chake cheusi huzungukwa na tabaka la nje lililopauka, ambalo baadhi ya wachongaji huliacha lionekane kwa makusudi. Changu kilikuwa cheusi tii kila mahali, hata kwenye kitako. Wakati wa masika kilianza kuota ukungu, nikakifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Kitambaa kikatoka cheusi na sebule nzima ikanuka rangi ya viatu. Nikakitumbukiza kwenye ndoo, kikaelea.

Mwaka huu nilihitaji fedha za ada ya mjukuu, nikarudi dukani na vitu vyote viwili. Muuzaji ni kijana mstaarabu, hilo siwezi kumnyima: aliniamkia, akanikalisha, akaagiza kahawa. Nilipomkumbusha ahadi yake kwamba wangenunua tena kwa bei isiyopungua niliyolipa, alijibu, "Mama, sisi tunauza kwa niaba tu." Maana yake ni kwamba ningeuacha mchoro ukutani kwao bila kujua mpaka lini, na mnunuzi akipatikana wangekata kamisheni ya asilimia 40. Kinyago hakukigusa. Karatasi pekee niliyokuwa nayo ni risiti iliyoandikwa "sanaa, vipande 2", isiyotaja mchoraji, mwaka, aina ya mti wala ahadi yoyote, na kwa risiti ya namna hiyo hata mnunuzi mwenye nia njema hana la kushikilia.

Tangu hapo nimenunua mchoro mmoja tu, mdogo, moja kwa moja kwa kijana anayechorea karibu na ufukwe. Nilimwomba aandike nyuma ya hadibodi jina lake kamili, mwaka na kipimo, kisha tukapigwa picha tukiwa tumeushika pamoja. Hakuona ajabu, na bei yake ilikuwa shilingi 90,000.

Lile duka, kwa uzuri wa michoro na ukarimu, nalipa nyota tatu kati ya tano. Kama mahali pa kuweka akiba, nyota moja. Chui wangu sikumwacha kwao. Nilimfunga kwa kanga, nikarudi naye nyumbani kwa bajaji, na ada ya mjukuu nikaikopa kwenye kikoba.