Kisu cha jikoni kutoka Japani: mjue mhunzi kabla ya kulipa

Visu vya "Kijapani" mtandaoni vinafanana kama mapacha: ubapa wenye mawimbi, mpini mweusi, maandishi ubavuni. Vingi havijawahi kulala juu ya fuawe. Mawimbi yamechorwa kwa leza, na ukikisugua kisu kwa msasa laini yanafutika. Ya kweli ni tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja. Ukikitazama kisu kwa juu, kwenye mgongo wake, utauona mstari unaotenganisha chuma cha nje na cha ndani.

Kisu kilichofuliwa kwa mkono kina majibu matatu: kimetoka mji gani, moyo wake ni chuma gani, nani amekifua. Muuzaji akikwepa hata moja, funga ukurasa.

Neno "mkono" lisikupoteze. Nyundo ya mota ipo karibu kila karakana Japani. Kazi ya mkono ni kuongoza chuma chini ya nyundo hiyo na kuisoma rangi ya moto. Kisu cha chuma cha kaboni huzimwa kwenye maji au mafuta kikiwa karibu nyuzi 800. Moto ukizidi, chembe za chuma zinakua na makali yanameguka. Ukipungua, chuma hakikazi. Ndiyo maana wahunzi hupenda kiza wakati huo, maana wekundu wa chuma haudanganyi gizani. Baada ya kuzimwa, kisu hupashwa tena kwa nyuzi 150 hadi 200 ili kisivunjike kama kioo.

Vilevile, visu vingi huanza na chuma kilichokwisha unganishwa kiwandani, kigumu katikati na laini pande mbili. Si utapeli. Mhunzi anayeunganisha mwenyewe kwa nyundo na boraksi, unga unaosaidia vyuma vishikane motoni, anauza ghali zaidi, na ana haki. Ila tofauti hiyo ukiitafuta kwenye kachumbari hutaiona.

Mpangilio ufuatao wa miji ya wahunzi ni wa mtu anayepika nyumbani kila siku: vitunguu, nyanya, sukuma wiki, nyama isiyo na mfupa, samaki mara mojamoja. Mpishi wa sushi angeupindua juu chini.

Namba 1: Echizen

Mji uko mkoa wa Fukui, na simulizi yake inaanza mwaka 1337, na mfua panga wa Kyoto aitwaye Chiyozuru Kuniyasu. Leo wahunzi kadhaa wanafanya kazi chini ya paa moja katika ushirika wa Takefu Knife Village. Yoshimi Kato na Yu Kurosaki ni miongoni mwa majina ya Echizen utakayokutana nayo madukani.

Ufundi wa hapa ni kubebanisha bapa mbili na kuzifua kwa pamoja. Unene ukiwa maradufu, joto halikimbii haraka, na nyundo inazinyoosha zote mbili hadi ziwe nyembamba kwa usawa. Kisu chembamba hakipasui karoti, kinapita. Faida ya pili: chuma cha VG10 kinatengenezwa Echizen hukohuko, kina kromiamu karibu asilimia 15, na hakishiki kutu kirahisi. Kwa jiko la Mombasa au Tanga, ambako chumvi ya hewani inakula hata bawaba za milango, hilo peke yake linaipa Echizen nafasi ya kwanza. Ubaya wa VG10 ni kwamba mwenye kinoo kwa mara ya kwanza atahangaika nayo.

Namba 2: Sanjo

Sanjo, mkoa wa Niigata, ilianza na misumari iliyofuliwa na wakulima ambao mashamba yao yalifurika mara kwa mara. Hapa mara nyingi karakana moja inafanya yote, kufua, kuzima na kunoa, kwa hiyo kasoro ina mwenyewe. Bapa za Sanjo huwa nene karibu na mpini kisha zinapungua hadi nchani. Mkononi kisu kina uzito lakini ncha ni nyepesi.

Tafuta chenye moyo wa chuma cha kaboni na mavazi ya chuma kisichoshika kutu. Eneo la kufutafuta linabaki ukanda mwembamba wa makali, na bado unapata chuma kinachonoleka upesi. Isingekuwa hewa ya pwani, hiki kingekuwa namba 1. Kwa aliye Arusha, Nairobi au Kigali, kiwe namba 1.

Namba 3: Tosa

Tosa, mkoa wa Kochi, ni nchi ya misitu, na wahunzi wake wamezoea mashoka na miundu. Visu vinaachwa na ngozi nyeusi ya moto ubavuni, mpini ni wa kawaida, bei ni ya chini kuliko miji mingine. Unachokosa ni umaliziaji: mgongo una kona zinazouma kidole. Msasa namba 400, kisha 800, dakika kumi, kona zinalainika. Kama kuna mwanya pale chuma kinapoingia kwenye mpini, yeyusha nta ya nyuki uuzibe, maana maji yakiingia humo mkia wa kisu unaoza bila wewe kujua.

Namba 4: Sakai

Kuiweka Sakai mwisho kutawaudhi wapenzi wa visu, lakini hii si orodha ya ustadi. Mji huu karibu na Osaka ndio unaotegemewa na wapishi wa samaki wa Japani, na umewahi kutengeneza visu vya kukatia tumbaku vilivyopigwa muhuri wa serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani.

Kazi imegawanywa. Mhunzi anafua na kuzima tu. Ubapa mweusi na mnene unakwenda kwa mnoaji, na yeye ndiye anayeupa umbo kwenye jiwe kubwa linalozunguka lenye maji. Kila anapopunguza chuma, ubapa unajikunja kidogo, kwa hiyo anausimamisha machoni, anaugonga juu ya gogo hadi unyooke, anarudi kwenye jiwe, tena na tena. Fundi wa tatu anaupasha moto mkia na kuusukuma ndani ya mpini. Jina lililochongwa kwenye kisu mara nyingi ni la mfanyabiashara wa jumla, si la yeyote kati ya hao watatu. Kwa kisu cha Sakai uliza majina mawili, la aliyefua na la aliyenoa. Wauzaji makini siku hizi huyataja.

Shida kwa mpishi wa nyumbani ni kwamba visu maarufu vya Sakai vimenolewa upande mmoja, na upande wa pili una bonde. Kwenye minofu ya changu vinateleza kama hariri. Kwenye boga vinakwenda pembeni, kwa sababu makali ya upande mmoja hukisukuma kisu. Vya mtu wa mashoto huagizwa kwa oda maalumu na huongezwa bei. Sakai wanafua pia visu vya pande mbili, lakini hapo unalipia jina.

Seki, mkoa wa Gifu, siipangi kabisa. Visu vyake vingi ni vya kiwandani, vingine vizuri sana, ila hapa tunatafuta mhunzi.

Chuma na kipimo

Chuma cheupe na chuma cha bluu, shirogami na aogami, hutoka mji wa Yasugi, Japani. Majina ni ya rangi ya karatasi inayobandikwa kwenye chuma, si ya chuma chenyewe. Cheupe ni rahisi kunoa. Cha bluu kimeongezwa kromiamu na tangsteni, kinakaa na makali zaidi, lakini kinashika kutu vilevile. Kisu cha kwanza kiwe santoku, kisu kifupi cha kazi zote, ya milimita 165 hadi 180. Gyuto, kisu kirefu cha mpishi, ya 210 inataka ubao mpana.

Kikifika

Kielekeze kwenye mwanga na utazame kwa urefu wa mgongo kama anayelenga: kisiwe kimepinda. Kilaze makali kwenye ubao bapa. Mwanga ukipita katikati, pamenolewa kupita kiasi, na vitunguu vitatoka vimeshikana kama shanga. Zote mbili ni sababu za kukirudisha.

Visu hivi huwa na ugumu wa 60 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell, vya Kijerumani karibu 56 hadi 58. Chuma kigumu hakipindi, kinameguka. Kwa hiyo mfupa, nyama ya barafu na kifuu cha nazi viachie panga. Usikizungushe kisu kikiwa ndani ya muhogo. Usikatie juu ya sahani wala marumaru. Ndimu na embe bichi zitakibadilisha chuma cha kaboni kiwe cha kijivu na bluu, nayo ni kinga. Rangi ya machungwa ndiyo kutu. Osha kwa mkono, futa papo hapo.

Kunoa: kinoo namba 1000, kilowekwe dakika 10 hadi 15 mpaka kiache kutoa mapovu, kama ni cha aina ya kulowekwa. Kwa ubapa wa upana wa milimita 45, nyanyua mgongo milimita 12. Hiyo ni pembe ya nyuzi 15. Sugua upande mmoja mpaka kidole kihisi kiuzi cha chuma upande wa pili, kuanzia kisigino hadi ncha, ndipo ugeuze. Wengi hugeuza kabla kiuzi hakijatokea, kisha wanalaumu chuma. Maliza kwa mipitio myepesi ya kupokezana hadi kiuzi kiishe, kisha jaribu kwenye ngozi ya nyanya bila kukandamiza.