Kinyama cha kinywa kutoka Mtwara: lipia ripoti, acha hesabu ya mishipa

Maabara tunayoizungumzia iko mjini Mtwara. Inapokea vinyama (vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa ili kupimwa saratani) vya kinywa, koo na zoloto, inavisafirisha Dar es Salaam kusomwa na kurudisha ripoti. Kwa kazi hiyo ya msingi tunaipa nyota nne kati ya tano. Vichupa vina mdomo mpana, fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, imechanganywa sawasawa (sehemu moja ya ile kali kwa tisa za maji yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia ukali wa asidi), na jina la mgonjwa linaandikwa ubavuni mwa kichupa. Jina la kwenye kifuniko huhamia kichupa kingine kirahisi sana.

Nyota moja tumeiondoa kwa sababu ya kipimo cha nyongeza: kuhesabu mishipa midogo ya damu ndani ya uvimbe kwa CD34 (protini ya ukuta wa mishipa inayotiwa rangi ili ionekane), kinachouzwa kana kwamba kitasema mgonjwa ana nafasi gani ya kupona. Familia iliyouza korosho zake kugharamia matibabu haistahili kulipia hiki.

Wazo lenyewe lina msingi. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alieleza kwamba uvimbe ukifika milimita moja au mbili haukui zaidi mpaka ujipatie mishipa yake. Seli zake humwaga VEGF, protini inayochochea mishipa kuota, na mishipa ya jirani huchipua kuifuata. Shida ni kuhesabu. Msomaji hutafuta sehemu zilizosongamana mishipa, kisha huhesabu maeneo kama matatu kwa ukuzaji wa mara 200 au 400; mwenzake akichagua sehemu nyingine, anapata namba nyingine. Hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema hapa mishipa imezidi. Tena mishipa ya uvimbe hupindapinda na kuvuja, hivyo uvimbe unaweza kujaa mishipa na bado ukakosa oksijeni, na seli zenye njaa ya oksijeni hustahimili mionzi. Ndiyo maana matokeo ya tafiti yamepishana, na hesabu hii haimo katika kupanga hatua za ugonjwa.

Kwa kinyama kidogo, dai aina ya saratani na, kama kimetoka kwenye koromeo nyuma ya ulimi au kwenye tonsili, kipimo cha p16, protini inayoashiria saratani iliyotokana na kirusi cha HPV. Baada ya upasuaji, dai kina cha saratani ya kinywa kwa milimita (5 na 10 ndiyo mipaka ya kupanga hatua), hali ya kingo (kama saratani imefika ukingoni mwa nyama iliyokatwa), na kama saratani imepasua ganda la tezi za shingo.

Makosa mengi huanzia kwa mtumaji. Kinyama kikatwe ukingoni mwa kidonda. Katikati damu haifiki, utatuma nyama iliyokufa. Kisiwekwe kwenye maji ya dripu wala kugandishwa. Fomalini iwe walau mara kumi ya ujazo wa nyama, na saa 6 hadi 72 zinatosha. Masika, barabara ya Dar es Salaam ikikatika Somanga, kichupa hupitiliza muda huo: ripoti ya kawaida bado itasomeka, lakini vipimo kama p16 huanza kufifia, kwa hiyo andika kwenye fomu saa kinyama kilipoingia kwenye fomalini.