Magongo ya besiboli ya jeshi: lipi ununue, lipi uliache

Septemba 1945, askari wa Marekani walijaa katika uwanja wa Nuremberg, Ujerumani, pale pale vijana wa Hitler walipokuwa wakipiga gwaride, wakatazama fainali yao ya besiboli. Timu iliyoshinda ilikuwa na Leon Day na Willard Brown, weusi wawili ambao ligi kuu ya kwao ilikuwa bado imewafungia mlango. Magongo ya enzi hizo bado yanauzwa, na kwangu mimi chapa ndiyo inayoamua bei.

La kwanza: ambalo halijaguswa. Hata likiwa chafu. Tafuta maandishi "U.S.", "U.S.N." kwa jeshi la majini, au "Special Services U.S. Army". Mengi yametoka kwa Hillerich & Bradsby wa Louisville, kiwanda ambacho wakati wa vita kilichonga pia vitako vya bunduki za M1. Chapa iliyochomwa kwa chuma cha moto huacha bonde: pitisha ukucha, utalisikia, na weusi wake umezama ndani ya nyuzi za mbao. Ikiwa weusi umekaa juu tu kama wino, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

La pili: lenye ufa mwembamba kwenye mpini. Bei yake hushuka sana, na kazi yake si kubwa. Ingiza gundi ya mbao kwa sindano, futa inayomwagika, zungushia kitambaa, kaza kwa klampu hadi kesho yake. Ukikuta misumari midogo au utepe wa zamani, viache. Ukija kuliuza, mwambie mnunuzi ulichofanya.

La tatu: la Vita ya Kwanza. Clark Griffith, meneja wa timu ya besiboli ya Washington, alichangisha fedha mwaka 1917 kuwapelekea askari vifaa, na shehena moja ilizama na meli. Ni adimu, anayeanza asikimbilie huko.

La mwisho: lililopigwa msasa na vanishi. Linang'aa, lakini msasa umekula chapa, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kusafisha, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha, kisha mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), tone kwa tone. Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike: huweza kuwaka moto yenyewe. Yaanike nje, moja moja, mpaka yakauke.