Nilinunua "kimea" cha ulezi mtandaoni nipike mbege, mbege ikanifia mkononi

Sijawahi kuandika riviu ya kitu chochote lakini hii imenikaa kooni mwezi na kitu sasa. Nimeuziwa unga wa ulezi wa kawaida kwa jina la kimea, yaani ulezi ulioota ukaanikwa na kusagwa, na nilipouliza nikajibiwa kama mtoto.

Mimi niko Dar ila kwetu Kibosho. Mwanangu alikuwa anapata kipaimara na baba mkwe anashuka kutoka Moshi, na mzee yule bia ya chupa hagusi, nikasema namkorogea mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, mimi mwenyewe kama mama alivyokuwa anakoroga, sinunui ya mtu. Ndizi nikafuata Mabibo alfajiri, nikasubiri hadi maganda yakaanza kuwa meusi, nikamenya, nikachemsha kutwa nzima mpaka zikawa nyekundu kama udongo wa kwetu, nikaziacha zipoe nikafunika kwenye pipa.

Sasa Dar sio mlimani jamani. Kule na baridi ile mama alikuwa anaziacha siku nne tano hana wasiwasi, huku siku ya pili jioni pipa linachemka lenyewe, povu limepanda hadi kwenye jani la mgomba, ukisogeza sikio unasikia linanong'ona. Joto likizidi inakimbilia kwenye uchachu ukija kushtuka una siki, kwa hiyo nikalihamishia stoo kwenye sakafu ya sementi, nikalizungushia magunia yaliyolowa maji na usiku nikawa naamka kuyamwagia tena. Siku ya tatu asubuhi nikachuja nikaonja. Utamu upo, ukali kidogo upo, imekaa pale pale ninapotaka. Nilikaribia kulia kwa furaha, nikampigia dada yangu saa hizo hizo.

Kilichobaki ni mso tu, ule uji wa kimea unaochanganywa na maji ya ndizi. Na unga wa mso ndo huo niliouagiza kwa huyu dada wa mtandaoni, kilo 5, picha nzuri, kaandika kabisa "kimea cha ulezi, umeloweshwa umeota umeanikwa", nikatuma hela, boda akaleta siku hiyo hiyo. Hapo sina lawama.

Nimeweka unga kwenye maji nimebandika jikoni nakoroga, uji ukaanza kukaza. Nikashangaa. Anayejua mso anajua kwamba kimea cha kweli hakikazi vile, ulezi ukishaota unakuwa na ile nguvu ya kuvunja wanga kuwa sukari, unavyopata moto taratibu uji unalegea unakuwa wa majimaji na mtamu hata hujaweka kitu. Huu wangu ulisimama na mwiko. Nikajipa moyo labda nimezidisha unga, nikaongeza maji, nikapoza, nikachanganya na maji ya ndizi, na msesewe nilioletewa na basi kutoka nyumbani (gome chungu la mti, kidogo tu, ukizidisha hakuna atakayekunywa), nikafunika nikaenda kulala.

Asubuhi hamna povu la maana. Juu maji ya ndizi, chini unga umetuama kama tope, ukikoroga inachanganyika dakika mbili inarudi kulala. Wageni wako sebuleni. Baba mkwe akapewa kata, akapiga funda moja, akaiweka chini taratibu, akaniambia, "Mama, ulezi wako haukuota." Hakusema kwa ubaya, mzee ana heshima zake, ila sitasahau. Siku tatu za kubembeleza pipa usiku zimeishia kwenye lile funda moja.

Nikampigia muuzaji, nikamsalimia vizuri, nikamweleza pole pole. Jibu lake: "Mama mimi nauza unga, sipiki pombe. Nyie wa mjini mkishindwa kupika mnasingizia unga." Akakata. Nikamwandikia, akasoma, kimya, baadaye hata picha yake siioni tena.

Nisiwe mwongo, usiku ule nilijiuliza labda kosa ni langu, labda hili joto limeharibu, labda uji ulikuwa bado moto nilipochanganya nikaua chachu ya ndizi. Kwa hiyo nikapima. Nikapika uji wa sembe mzito, nikauacha upoe hadi kidole kinavumilia, nikaugawa bakuli mbili. Moja nikatia vijiko viwili vya unga wake, nyingine vijiko viwili vya kimea nilichoazima kwa jirani yetu anayewakorogea wanawe uji. Cha jirani baada ya muda mfupi tu uji unamiminika kama maziwa. Cha huyu dada kijiko kimesimama vile vile. Sasa joto la Dar linaingiaje hapo?

Kama unataka ulezi wa uji wa kawaida, unga wake ni msafi, hauna mchanga, umesagwa laini, na kwa hilo namsifu kwa moyo mmoja, ningenunua tena. Inawezekana na yeye aliuziwa hivyo huko alikochukua, hajui kimea kinafananaje, nilikuwa nishaanza kumsamehe hata nikataka hii riviu niiache. Lakini "nyie wa mjini"? Mimi nimekulia kwenye moshi wa pipa la mama yangu. Mtu hajui anachouza halafu anamtukana anayekijua. Hapana. Msinunue kimea kwa mtu ambaye hakubali umtafune punje kabla haijasagwa, punje iliyoota ni tamu na kijimzizi unakiona kwa macho.

Hela simdai. Kilo mbili na kitu bado ziko kabatini kwangu, na uji wa sembe najua kupika, aje tukoroge wote pale jikoni aone, halafu aniambie samahani.