Nyota wa zamani: kitabu cha umbea au wasifu?

Anayetaka kusoma maisha ya nyota wa sinema za zamani za Hollywood atakutana na vitabu vya namna mbili. Vya umbea vina sura fupi, picha kubwa na kashfa kila ukurasa. Unakimaliza kimoja usiku mmoja. Wasifu ni mnene, umeandikwa na mtu aliyekaa miaka akipekua barua na majalada ya mahakama, na mwanzoni unachosha.

Tofauti yake niliiona kwa Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa sinema zisizo na sauti. Septemba 1921 mwigizaji Virginia Rappe aliugua kwenye tafrija ya Arbuckle katika hoteli ya St. Francis, San Francisco, akafariki siku chache baadaye. Umbea unaishia hapo, tena kwa kutia chumvi hadi unasikia kichefuchefu. Wasifu unakuingiza mahakamani, ambako Arbuckle alishtakiwa kwa kumuua bila kukusudia: kesi tatu. Katika mbili za kwanza wazee wa baraza hawakuafikiana. Katika ya tatu, Aprili 1922, walichukua dakika chache tu kumwachia huru, kisha wakaandika kwamba kumwachia peke yake hakutoshi, kwani ametendewa dhuluma kubwa. Siku sita baadaye Will Hays, mkuu wa chama cha watengenezaji sinema wa Marekani, akampiga marufuku kwenye sinema.

Maneno yale ya wazee wa baraza niliyasoma mara tatu. Na Virginia naye, ambaye umbea umemfanya pambo la kisa, alikuwa binti wa watu.

Mimi nachukua wasifu. Cha umbea nakifungua kwa ajili ya picha.