Pasi ya mvuke: miaka miwili ya kunyooshea kanzu

Nashona kanzu hapa Tanga, na kwa fundi wa kanzu pasi ni nusu ya kazi. Mshono usipolala vizuri, hata ukiumaliza ustadi wako wote kwenye mkasi, mteja ataona kanzu imekaa ovyo begani. Kwa hiyo pasi yangu naijua kama ninavyoijua cherehani.

Nilianza na ya mama, ya mkaa, ile yenye jogoo mbele. Unapepea mkaa ukolee, unapangusa majivu, unaipitisha juu ya jani la mgomba iteleze, kisha unanyunyiza maji kwa vidole kitambaa kipate unyevu. Baadaye nikanunua ya umeme, kavu. Moto ulikuwa tayari kwa dakika chache, lakini maji bado nilinyunyiza kwa mkono: hapa pameloa, pale pakavu, na mkunjo wa poplini ukabaki vilevile.

Hii ya mvuke ina wati 2400 na tangi la maji. Tofauti niliiona kwenye kanzu ya kwanza. Pamba ikipata joto na unyevu kwa pamoja, nyuzi zake hulegea, ukipitisha pasi zinalala zilivyolazwa, zikikauka zinabaki hivyo. Mshono wa bega niliokuwa naupitia mara nne sasa unatosha mara moja au mbili. Darizi ya shingoni naigeuza ndani nje juu ya taulo nene, nabonyeza mvuke bila kukandamiza, na nakshi hazibonyei.

Nilisoma kwamba umeme na mvuke havikuja siku moja. Henry Seeley wa New York alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya pasi ya umeme mwaka 1882. Ya mvuke iliingia sokoni mwaka 1926, ikatengenezwa na kampuni ya Eldec hukohuko New York, na watu hawakuichangamkia. Iliyoanza kupendwa ni Steam-O-Matic ya mwaka 1938. Kwa kuitumia hii yangu kila siku, naelewa inavyofanya kazi. Maji hayachemki ndani ya tangi kama kwenye birika. Yanadondoka tone kwa tone juu ya bamba la moto na kugeuka mvuke papo hapo, ndipo unatoka kwenye vitundu. Bamba likiwa halijapata moto wa kutosha, tone linatoka likiwa maji. Pasi ya namna hii isiyoweza kushika kiwango chake cha joto haiwezi kutoa mvuke mzuri.

Ndiyo maana kwanza angalieni nukta kwenye gurudumu la joto. Nukta moja ni kama digrii 110, mbili 150, tatu 200. Yangu haitoi mvuke wa maana chini ya nukta mbili, inadondosha tu. Kwa polista laini nafunga mvuke kabisa, naitumia kavu.

Sasa maji. Muuzaji aliniambia niweke yoyote. Niliweka ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Sufuria ya chai yenyewe ina utando mweupe. Mwezi wa nne, usiku wa kuamkia harusi, pasi ikatema tope la rangi ya kahawia kwenye kifua cha kanzu ya bwana harusi, nyeupe pe. Nilifua kwa ndimu na sabuni hadi saa nane usiku. Ile chokaa ya maji magumu inaganda ndani, kisha mvuke unaibandua. Tangu siku hiyo naweka maji ya mvua niliyokinga na kuchuja, au ya kununua yaliyosafishwa, na kila jioni namwaga yaliyobaki pasi ikiwa bado na uvuguvugu. Doa halijarudi.

Kasoro zake: ni nzito ikiwa na maji, mkono unachoka kufikia kanzu ya kumi. Inahitaji soketi ya ukutani, maana waya wa kurefusha niliokuwa nao ulipata moto nikauacha. Na haijizimi yenyewe ukiisahau. Kama nyumbani kuna watoto, tafuteni inayojizima.

Kwa anayevaa pamba na kitani, shikeni maneno yangu haya: inastahili bei yake. Mwenye nguo za polista tupu, ile kavu inamtosha.

Ya mkaa sijaitoa. Mkesha wa Idi iliyopita umeme ulikatika zikiwa zimebaki kanzu sita. Niliwasha mkaa, nikamtuma mwanangu jani la mgomba, na saa kumi na moja alfajiri zote zilikuwa zimetundikwa.