Death on the Nile ya mwaka 1978: irudie hata kama muuaji unamjua

Kila anayeniuliza aanze na filamu gani ya upelelezi, humtajia hii iliyoongozwa na John Guillermin, iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1937. Ina dakika 140 na haina haraka. Mauaji yenyewe yanakuja filamu ikiwa imekaribia nusu, na kabla ya hapo hakuna dakika iliyopotea.

Linnet Ridgeway, msichana mwenye mali nyingi, anaolewa na Simon Doyle, ambaye alikuwa mchumba wa rafiki yake Jacqueline. Maharusi wanakwenda Misri kwa fungate, na Jacqueline anawaandama kila wanapotia mguu. Wanapanda meli ya mvuke iitwayo Karnak, na humo ndani karibu kila abiria ana kisasi au tamaa inayomgusa Linnet. Usiku mmoja anapigwa risasi ya kichwa akiwa usingizini. Mpelelezi mashuhuri Hercule Poirot yumo melini. Kisa naishia hapo, nisije nikakuharibia.

Kinachonifanya niiheshimu filamu hii ni kwamba haimdanganyi mtazamaji. Poirot, anayeigizwa na Peter Ustinov, anapomhoji mtu, tunaonyeshwa kile Poirot anachokidhania: mtu huyo akinyata hadi chumbani kwa Linnet na kufyatua risasi, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa. Anayefuata akihojiwa, tunaonyeshwa naye. Kila mara nilishawishika kwamba huyu ndiye. Nilipoirudia nikiwa namjua muuaji ndipo nikaona kwamba ushahidi wote ulipita mbele ya macho yangu mchana kweupe, na hapo nikazidi kuipenda.

Waigizaji ni wazito. Bette Davis ni bibi tajiri, Maggie Smith ni muuguzi wake, na maneno wanayorushiana yana makali kuliko bastola. Angela Lansbury, mwandishi mlevi wa riwaya za mapenzi, akisimama kucheza dansi ya tango humtazami mwingine. Lakini kwangu mimi filamu ni ya Mia Farrow. Jacqueline wake anatia hofu na huruma kwa pamoja. Tazama macho yake anapowatokea maharusi pale kwenye hekalu la kale la Abu Simbel. Mavazi ya Anthony Powell yalipata Tuzo ya Oscar, na yalistahili.

Halafu kuna mto wenyewe, Nile. Walipiga picha Misri kwa wiki saba mwishoni mwa 1977, nne kati ya hizo wakiwa kwenye meli ya kweli. Jua unaliona likiwachoma watu usoni. Filamu ya 2022 ya Kenneth Branagh ya kisa hikihiki ilitengenezwa kwa sehemu kubwa studioni Uingereza, na hata kwa fedha zote zilizotumika, maji yake hayakunishawishi. Kwa sisi ambao maji ya ziwa letu la Viktoria hutokea Jinja na kushuka hadi Misri, kuuona mto huo ukipewa nafasi yake ni raha ya pekee.

Lipo linaloniuma. Wamisri wamefanywa mapambo tu: wabeba mizigo, wauzaji, watoto wa ukingoni. Meneja wa meli, aliyeigizwa na Mhindi I. S. Johar, amepewa kazi ya kuchekesha tu. Nchi ni yao, mto ni wao, lakini hakuna hata mmoja anayehojiwa kwa uzito wala kupewa siri yake. Filamu iliyowapa Wazungu wote hao visa vyao ingeweza kumpa mwenyeji mmoja cha kusema.

Pamoja na hayo, naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Itazame na mtu anayependa kubishana, kila mmoja amtaje mshukiwa wake kabla Poirot hajawakusanya abiria ukumbini. Na Jacqueline akishatoa bastola yake usiku ule, weka simu mbali.